Dada Amezimwa Mpaka Jumanne

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, na hadi mwaka ule nilidhani najua lugha inaweza kumfanyia mtu nini. Kitenzi ni kitenzi. Ukishakijua umekijua, unalala nacho na asubuhi unakikuta palepale. Kiingereza kilinishtua tangu wiki ya kwanza, katika chumba kidogo juu ya duka la mshonaji kule Nyawera, mjini Bukavu, ambako kijana mmoja alitufundisha jioni sisi watu wazima wenye haraka. Aliandika ubaoni "give", kutoa. Vizuri. Kisha akaongeza "up", juu, akatuambia kwamba sasa maana yake ni kukata tamaa.

Niliinua mkono. "Prof, kutoa yulu njo kukata tamaa? Nani alikubali hiyo?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimekasirika kweli.

"Papa," akanijibu kwa heshima ya umri wangu, "verbes zao ziko na mukia. Usiangalie tu kichwa, angalia na mukia."

Nilikwenda pale kwa sababu ya dada yangu mkubwa. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, na madaktari wa Kampala walikubali kumfanyia upasuaji. Sisi wengine hatukuwa na pasipoti. Karatasi ndogo ya mpakani inakuvusha mto Ruzizi hadi Rwanda, haikufikishi Kampala. Yeye alikuwa na pasipoti kwa kuwa miaka mingi alikwenda huko kuleta nguo za kuuza. Alikuwa mjane, basi alipanda basi peke yake, akafikia kwa mama mmoja aliyezoea kumpangisha chumba, mama mwema asiyejua Kiswahili wala Kifaransa. Huyo ndiye angetutumia habari kwenye simu ya mama yangu, kwa Kiingereza, na nyumba yetu yote ya Kadutu ilinitegemea mimi na masomo yangu ya jioni.

Ujumbe wa kwanza ulifika nikiwa kazini. Mama hakuweza kuningoja. Alishuka hadi kwa fundi wa simu aliye chini ya mtaa wetu, mtu anayeheshimika kwa sababu simu zote za Kiingereza zinapita mikononi mwake na zinamtii. Fundi alisoma kwa sauti, taratibu: "She passed out this morning. Doctor has put her off till Tuesday." Akafikiri. Kisha akamweleza mama.

"Maman, banasema asubui alipita inje. Kisha docteur akamuzima mpaka mardi."

"Banazima mutu namna gani?" mama akauliza. "Mutoto yangu iko telefone?"

"Sijue, maman. Lakini njo vile baliandika. Off ni off."

Na kweli, hapa Bukavu nani hajui off? Simu iko off, umeme uko off, televisheni ya jirani iko off na sote tunashukuru. Mama alipiga yowe lililosikika hadi barabarani.

Niliporudi nyumbani nilikuta viatu vimejaa mlangoni. Wanawake wameketi kwenye mikeka, makaa yameletwa, mama mdogo amejifunga kitenge kiunoni tayari kwa siku za kilio. Niliuliza kuna nini, na kila niliyemuuliza alinijibu neno lilelile: "Banamuzima." Nilidhani wameingiwa na wazimu. Nilichukua simu ya mama, nikausoma ujumbe mara mbili. Sikuelewa vizuri, lakini niliona mikia miwili, nikampigia prof kwa simu yangu na kuiweka kwa sauti ya juu ili wote wasikie.

"Hapana, hapana!" akasema. "Kupass out ni kuzimia. Si kuzimwa, papa, ni kuzimia. Na kuput off ni kusogeza siku. Docteur alisogeza operation mpaka mardi, njo ile tu."

Kabla hajamaliza, simu ya mama ikalia, ujumbe mwingine. Nilimsomea herufi kwa herufi: "She has come round. She is asking for tea."

"Amerudiwa na akili," prof akasema. "Anaomba chai."

Sijawahi kuona kilio kikigeuka namna ile. Mama mdogo alikifungua kitenge kiunoni akakipunga hewani. Waliokuja kulia walicheka hadi wakashika mbavu, kisha wakasema ikiwa mgonjwa anakunywa chai, wao wamekosa nini? Makaa ya matanga yakachemsha chai. Fundi alipanda kuja kuomba msamaha, akapewa kikombe kikubwa na akataniwa hadi jasho likamtoka. Mimi nilikaa pembeni. Nilikuwa nimeshtuka mno kiasi cha kutoweza kufurahi haraka.

Mama ndiye aliyeyapenda yale maneno. Aliyachukua yakawa yake. Umeme ukikatika: "Courant imepassaut." Ukirudi, anapiga makofi: "Imekamaraundi!" Jumapili alitoka misani akatusimulia kwamba mzee mmoja alipassaut katikati ya mahubiri, akakamaraundi kwaya ilipoanza. Nilipomweleza prof, alisema mama amewashinda wanafunzi wake wote, kwa sababu sisi tunakariri na yeye anatumia.

Jumanne ikafika. Mama aliiweka simu kwenye chaji mapema na kuikalia kama kuku anayeatamia. Ujumbe ulipoingia alimwita fundi apande nyumbani, maana hakutaka kuichomoa. Fundi, aliyekwisha kuogopa Kiingereza, alisoma maneno tu bila kuongeza lake, akashuka haraka.

Nilimkuta mama akichambua maharage, ametulia.

"Yaya yako alipass tena," akaniambia juu ya dada. "Usishituke. Tungoje kamaraundi."

Niliinama penye chaji nikasoma: "I am so sorry. She passed away this morning." Passed nilikuwa nalijua, sote tulikuwa tunalijua, hata watoto wa jirani. Away ni mbali. Nikajiambia pengine amezimia zaidi ya siku ile, amekwenda mbali kidogo. Lakini ile sorry haikunipendeza. Nilitoka uani na kumpigia prof kwa simu yangu.

"Prof, kupass away ni kuzimia sana?"

Nilisikia mashine za kushona za lile duka la chini, zikienda, zikisimama, zikienda.

"Papa," akasema hatimaye, "maman iko karibu?"

"Iko ndani."

"Ingia kwanza, ukae naye."

Hakuhitaji kuongeza. Nilibaki nimesimama uani, simu sikioni. Hasira niliyoisikia dhidi ya kile kineno sijawahi kuisikia dhidi ya mtu. Kichwa ni kilekile! Kichwa kilekile kilichotuchekesha juma zima, wamekibadilishia mkia tu, na dada yangu hayupo. Mpaka leo nikikiona mahali kimeandikwa, nauruka mstari.

Niliingia nikaketi karibu na mama, nikasogeza sinia la maharage, nikamwambia. Nilitumia Kiswahili, neno letu lisilo na mkia wowote. Nilingoja yowe kama la siku ile. Halikuja. Aliniangalia usoni, mimi mwalimu, mtoto wake aliyesoma, kisha akaigeukia simu.

"Passaut iko na kamaraundi yake," akasema polepole. "Hii nayo iko na gani?"

Wanawake walianza kuingia tena, wakavua viatu mlangoni, na mama akawa ameweka mkono juu ya ile chaji, hataki mtu aichomoe.