Tulichanganya maganda ya risasi kwenye ndoo moja, nusura nimpoteze rafiki

Wakuu, habari za mihangaiko. Leo nina kisa changu mwenyewe, sijatia chumvi. Wapenzi wa bunduki mtanielewa haraka, wengine nitawavuta taratibu.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa naishi Grand Prairie, Texas, napiga mzigo warehouse. Rafiki yangu wa karibu alikuwa Njoroge, Mkenya, nurse, anakaa Garland. Wikiendi wenzetu wanaenda kuvua samaki, sisi tunaenda range kulenga shabaha.

Wote tulikuwa na lever-action, zile bunduki za ma-cowboy unazokoki kwa kusukuma leva ya chini. Kiwanda kimoja, risasi aina moja. Ukiziweka mezani ungesema mapacha.

Tukaanza ku-reload. Yaani ukishapiga hutupi ganda la shaba. Unalibana kwenye mashine lirudi umbo lake, unaweka fataki mpya, baruti na kichwa kipya. Mashine ilikaa gereji kwangu, na mimi ndiye nilikuwa fundi wa kupima baruti.

Sasa sisi tumelelewa kugawana. Maganda yote, yake na yangu, yalienda ndoo moja. Siku niliyotaja kuyatenganisha Njoroge alinicheka: "Wewe unataka kuweka mpaka kwa brass? Hii ni kitu ya chama." Kwa Wakenya, chama ni kikundi cha kuchanga na kugawana.

Nikaona aibu, nikayarudisha yote kwenye ndoo.

Jumamosi moja tuko range, Njoroge akafyatua. Mlio ukawa wa ajabu, moshi ukamrudi usoni. Miwani ndiyo iliyomwokoa macho. Alipofungua leva kikatoka kipande cha nyuma tu cha ganda. Cha mbele kimebaki ndani.

Akanitazama. "Umeweka powder ngapi?"

Nikamwambia kiasi kile kile cha siku zote, kama kitabu kinavyosema.

"Boss, mimi niko na watoto," akasema. Akafunga mizigo yake, akaondoka.

Simu zangu akawa hapokei. Kanisani anakaa upande wa pili. Wakuu, iliniuma sana. Kuitwa mzembe na mtu mliyekula naye ugali ughaibuni kila Krismasi si mchezo. Kibaya zaidi, hata mimi nilianza kujishuku.

Nikakagua mizani, iko sawa. Nikachukua msumeno wa chuma, nikapasua maganda machache kwa urefu. Ndani, juu kidogo ya kitako, kulikuwa na mfereji umezunguka, shaba imekuwa nyembamba kama ganda la yai. Mengine hayajakatika ila yako njiani.

Hiyo siyo dalili ya baruti kuzidi. Ni ganda lililovutwa, likarudishwa, likavutwa tena mpaka likachoka.

Nikabeba vipande, maganda niliyopiga mimi na bunduki yangu mpaka Garland. Mkewe, Wambui, akanikaribisha chai kama hakuna kilichotokea. Njoroge akatoka amenuna. Sikujitetea. Nikampa ganda zima na waya niliokunja ncha, akauingiza ndani, akausikia unakwama kwenye mfereji.

Tukaenda gereji kwake. Nikachukua maganda matupu aliyopiga yeye siku ile, bado yamo kwenye begi lake, nikajaribu kwenye bunduki yangu. Leva haifungi. Yangu kwenye yake, ambayo alishakitoa kile kipande kilichokwama, yanaingia huku yanacheza.

Kumbe siyo mapacha.

Iko hivi. Risasi hizi zinashikiliwa na ukingo wa kitako, hapo ndipo headspace, yaani nafasi ya ganda ndani ya bunduki, inapopimwa. Bega la mbele, pale ganda linapoanza kuwa jembamba, halijaegemea kitu, na chemba ya Njoroge, yaani tundu risasi inapokaa, ilikuwa ndefu kuliko yangu. Kwa vile ndoo ni moja, nilikuwa nabana kila ganda hadi liingie kwenye chemba yangu fupi. Likifika kwake linavutika kujaza nafasi. Mimi narudisha, yeye anavuta. Na lever-action nyingi zinajifunga kwa nyuma, kwa hiyo chuma chenyewe kinanyumbuka kidogo na kuongeza mvuto.

"So ni chama ilikuwa inataka kuniua," Njoroge akasema, akacheka kwa mara ya kwanza.

Maganda ya zamani yote yakaenda kwenye chuma chakavu. Mapya tukatenga, na mashine nikawa naiseti upya kwa kila bunduki, ibane kiasi cha kutosha tu leva ifunge.

Siku ya kurudi range nikamwambia tufunge bunduki yake kwenye benchi, tuvute triga kwa kamba kwanza. Akakataa. "Si ni wewe ume-load?"

Akalaza shavu kwenye kitako cha bunduki, akafyatua. Ganda likatoka zima. Mimi machozi yakanilengalenga, nikasingizia moshi.

Nilichojifunza: gawaneni nyama, lifti, hata kitanda cha wageni, ila ganda libaki na bunduki yake. Pitisha waya ndani kabla ya kulijaza tena. Na rafiki akikununia, mfuate kwake, usikae kusubiri simu.

Wenye uzoefu na hizi leva shusheni yenu. Na mnaoona nilikuwa mjinga, uwanja ni wenu, ila mnipige taratibu.