Kifaa cha Kumtazamia Mama Mkwe

Mwaka wangu wa kwanza wa udaktari hapa Sydney, bingwa aliyetusimamia wodini alituambia kila mmoja anunue kifaa chake cha kuchungulia ndani ya jicho, kwa sababu kile cha wodi kila ukikitafuta hakina chaji. Dukani nilionyeshwa viwili. Cha kwanza kilikuwa kidogo, kinaingia mfukoni, lakini ili uone kitu lazima uiname mpaka pua yako ikaribie shavu la mgonjwa. Cha pili kilikuwa kinene, kinaonyesha eneo kubwa zaidi nyuma ya jicho, na unabaki umbali wa shubiri moja. Wenzangu walikicheka, wakasema hicho ni cha wasiojua kazi. Mimi sipendi kuchekwa. Nilichukua kile kidogo.

Nilijifunzia nyumbani, Mount Druitt. Mke wangu alivumilia. Binti yetu alivumilia mara moja, akaniambia, "Dad, you smell like onions," akaenda zake.

Mtu mmoja sikumsogelea: mama mkwe, aliyetoka magharibi mwa Kenya kuja kuishi nasi. Kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe wake. Simpi mkono, sikalii kiti chake, na nikimpeleka kanisani yeye hukaa kiti cha nyuma cha gari. Katika nyumba ndogo kama yetu heshima hiyo ni kazi: nikiingia jikoni, yeye anatoka. Alikuwa na kisukari. Hospitalini nilikuwa nikiwaambia wagonjwa, bila kusita, kwamba mwenye kisukari lazima aangaliwe macho mara kwa mara.

Jumapili moja mama mkwe alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina. Nilimuuliza mke wangu mama alipimwa macho lini mara ya mwisho.

"Si wewe ndiye daktari wa hii nyumba?" alisema. "I thought you'd sorted it."

Mimi nilidhani yeye, kama binti, ndiye anayeshughulikia. Niliona aibu, na haikuwa ndogo.

Kesho yake nilirudi dukani nikanunua kile kinene. Ruhusa niliiomba kupitia kwa mke wangu. Mama alikubali, mradi binti yake awepo. Alikaa wima, leso mabegani, mikono magotini. Nilisimama mbali kadiri kifaa kilivyoniruhusu. Jicho la kulia lilikuwa na madoa machache ya damu. La kushoto sikuona nyuma yake kabisa. Damu ilikuwa imetanda.

"Umeona nini?" aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza kwangu bila kupitia kwa mtu.

"Damu, mama. Nilipaswa kuangalia mapema. Niliogopa kukukosea heshima."

"Ungekaribia tu," alisema.

Tulimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Jicho la kulia walilitibu kwa miale ya leza, na ndilo analosomea Biblia mpaka leo. La kushoto halikurudi. Siku hizi tukienda kanisani anakaa kiti cha mbele, jicho lake zima likiwa upande wangu.