Baba Yake Mzee wa Nyansiongo

Mjukuu wangu anasoma chuo kikuu, somo linaloitwa anthropolojia. Nilipomuuliza ni somo la kitu gani, akasema ni la kujifunza jinsi watu wanavyoishi pamoja. Nikamwambia, "Basi hilo hata mimi nimelisoma, tena bila karo." Alicheka mpaka akaketi chini.

Alikuja kwangu hapa Manga wakati wa likizo. Mwalimu wake alikuwa amemwagiza akae na watu, afanye kazi yao na ale chakula chao, huku akiwatazama. Nilimpa kikapu, nikampeleka shambani kuchuma chai. Saa tatu hivi kiuno kikamshika. "Shiriki," nikamwambia, "kutazama utatazama ukipumzika." Msichana huyu amelelewa Nakuru, na mama yake si wa huku, kwa hiyo Ekegusii chake, lugha yetu, ni cha salamu tu, tena anakisema kama mtu anayekanyaga matope na viatu vipya.

Majina ya wote walio katika habari hii ninayajua, hata ya ng'ombe wao. Lakini kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake, na habari hii haiendi bila yeye. Nimeona nikimwacha yeye, niwaache wote, asionekane amebaguliwa.

Basi tulikuwa tukizungumza jioni, yeye akiniuliza hili na lile. Nilipomwita "mke mwenzangu" alishtuka.

"Nyanya, mke mwenzako ni nani?"

"Ni wewe. Babu yako angekuwa hai, leo ungemwoshea miguu mimi nikapumzika."

Akasema hilo nalo wanafundishwa, kwamba kuna jamaa unaotaniana nao na jamaa unaowaonea haya. Nikasema ni kweli. Mimi na yeye tunataniana, lakini baba mkwe wangu sikuwahi kumpa mkono mpaka alipozikwa. Haya hiyo tunaiita chinsoni. Akaniuliza kama haikuniuma. Niumwe na nini? Ilikuwa heshima, na ilinipa nafasi ya kutoka nje kila alipoanza hadithi zake ndefu.

Jambo moja la mwalimu wake lilinipendeza. Alisema usiyapime maisha ya wenzako kwa maisha yako. Hilo nililijua zamani nikiuza maharagwe soko la Nyakoe. Kila mwenye kibanda ana gorogoro yake, kopo la kupimia, na kila mmoja anaamini ni ya mwenzake iliyobonyea.

Siku hizo za kuchuma ndipo aliponiambia kuna kijana. Kwao ni Nyansiongo, anafanya kazi Kisii mjini, na watu wake wanataka kuja Jumapili kujitambulisha. Nikamuuliza swali la kwanza ambalo bibi yeyote wa huku angeuliza: "Ni wa ukoo gani?" Maana watu wa ukoo mmoja kwetu ni ndugu. Hawaoani, hata kama wamekutana jana na hawafanani hata ukucha.

Hakujua. Kijana mwenyewe hakujua vizuri. Nyansiongo yalikuwa mashamba ya wazungu, watu wakahamia huko kutoka kila kilima, na vijana wa siku hizi ukiwauliza ukoo wanakutajia kituo cha gari. Nikamwambia mjukuu wangu ampigie simu babu yake huyo kijana, azungumze naye kwa adabu, na amuulize baba yake yeye mzee alikuwa wa watu gani. Mwenyewe nikaenda kukama.

Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye kizingiti, kikapu kimeanguka, uso umevimba.

"Nyanya, tumekuwa ndugu. Mzee amesema baba yake ni wa ukoo wetu, wa hapa hapa Manga."

Nilihisi maziwa yameniwia mazito mkononi. Ukoo hufuata baba. Kama baba wa yule mzee ni wa kwetu, mzee ni wa kwetu, mwanawe ni wa kwetu, na kijana ni kaka wa mjukuu wangu. Hapo hakuna mchungaji wala wakili anayeweza kusaidia.

"Wapigie wasije," akasema.

"Mgeni hafukuzwi kwa simu. Waje, wale, tutawaambia wakishashiba."

Jumamosi, Sabato yetu, ilikuwa ndefu. Kanisani nilimwona anaimba bila sauti.

Jumapili wakafika: mzee mwenyewe na fimbo yake, mama wa kijana, na kijana aliyevaa tai iliyokuwa ikimnyonga. Baba wa kijana ni marehemu. Yule mama aliketi mbali na mzee, karibu na mlango wa jikoni, macho chini, kwa sababu ni baba mkwe wake. Nikamwona mjukuu wangu akichungulia na kulinyanyua jicho lake jekundu kuangalia hilo. Hata huzuni haikumzuia kusoma.

Tuliwapa kuku, ugali wa wimbi na mboga chungu zilizolala kwenye maziwa. Firigisi niliiacha ndani ya chungu. Firigisi ni ya mkwe, na mimi mkwe sikumwona pale.

"Mzee, umeshiba?" nikauliza.

"Nimeshiba, mama, mpaka mshipi unalalamika."

"Basi nisikie. Hapa hakuna harusi. Mmekuja nyumbani kwenu. Baba yako si ni wa ukoo huu?"

Uso wa mzee ukang'aa. "Ni wa hapa! Huyu msichana aliponiuliza nilifurahi sana. Nilikuwa nikiletwa hapa nikiwa mdogo, baba amenibeba mgongoni."

"Basi hawa watoto ni ndugu."

"Undugu gani? Baba aliolewa kwetu akiwa msichana mbichi. Ng'ombe wakaletwa hapa, wakapanda kilima hiki hiki!"

Nikamtazama. "Nani aliolewa?"

"Baba."

"Baba aliolewa?"

"Sasa mama, angeninyonyesha vipi bila kuolewa?"

Kijana alishika tai yake. Mimi nilishika mdomo, kisha mbavu, maana kicheko kilinitoka ambacho sijakitoa tangu marehemu mume wangu aanguke na baiskeli mbele ya wageni. Kwa lugha yetu, baba ni mama. Yule baba wa Kiswahili sisi tunamwita tata. Tulikuwa tukizungumza Kiswahili kwa ajili ya watoto, lakini neno hilo mzee alikuwa bado analisema la kwetu. Mjukuu wangu alikuwa ameanza simu kwa salamu za Ekegusii nilizomfundisha mwenyewe, akakoleza adabu, kisha akauliza habari za "baba". Mzee akaona amepata msichana wa nyumbani, akamweleza habari za mama yake. Naye akaniletea neno lile kwa Kiswahili, na mimi, niliyeita mama yangu "baba" tangu nianze kusema, nikalimeza hivyo hivyo.

"Na tata yako ni wa watu gani?" nikauliza, nikijifuta machozi.

Akataja ukoo mwingine kabisa, wa upande wa pili wa bonde. Tunaoa kwao na wao wanaoa kwetu tangu enzi za enzi.

Mama wa kijana alipiga kigelegele bila kumtazama mkwewe. Mjukuu wangu akatoka jikoni na unga mikononi, hajui alie au acheke, akafanya yote mawili.

"Kumbe ni wewe," mzee akamwambia, "uliyemvalisha baba yangu suruali!"

"Nisamehe, Mzee."

"Sikusamehe bure. Mama yangu ni binti wa ukoo huu, kwa hiyo mimi hapa ni mpwa, na mpwa hali kama mgeni." Akanigeukia mimi. "Mama, nimetafuna kuku mzima leo na kuna kitu sijakiona. Nilinyamaza kwa sababu ya chinsoni. Firigisi iko wapi?"

Nikamwambia mjukuu wangu, "Mke mwenzangu, funua chungu."

Akaileta kwenye sahani kwa mikono miwili, imepoa kidogo. Mzee akaikata, akampa kijana kipande, kingine akakiweka mdomoni polepole. Alipomaliza kutafuna akasema, "Sasa tuzungumze harusi."