Mpanga Matangazo Anayetaka "Mwisho Leo" Iwe Leo

Saa tano na nusu asubuhi, mwanaume mwenye shati la mikono mifupi anaitazama pasi ya umeme kwenye kioo cha kompyuta kama mtu anayelinda maziwa jikoni yasifurike. Pasi yenyewe haina maajabu. Kinachomshughulisha ni saa nyekundu iliyo chini yake, inayohesabu kurudi nyuma: imebaki nusu saa, kisha bei ya ofa inaisha.

Ofisini wanamwita Mwisho Leo. Kazi yake ni kupanga matangazo yanayojitokeza ndani ya programu za simu, yale yanayokuibukia ukiwa unasoma habari au unacheza karata. Wabunifu humletea picha, naye huamua ipi itoke lini na izimwe lini. Viatu vya shule wiki moja kabla ya kufungua, miavuli wingu likianza kujikusanya, vinywaji baridi kwenye jua la saa nane.

"Watu wanadhani kazi ni kurusha," anasema bila kugeuza shingo. "Kurusha hata mwanangu anaweza. Kazi ni kuzima. Tangazo la ofa iliyokwisha ni kama wali wa juzi, ukiuacha mezani utamuumiza mtu."

Kwa siku hupitisha matangazo kati ya thelathini na arobaini. Kila moja lazima liwasilishwe mapema kwa sababu hukaguliwa kwanza, na ukaguzi hautabiriki, mara dakika kumi, mara siku nzima. Mshahara unatosha kodi, chakula na ada za watoto wawili. Wiki ya mwisho ya mwezi, anasema, ni ya kujikaza kisabuni.

Jina hilo hakulipata ofisini. Alikuja nalo kutoka sokoni, alikouza mashati ya mitumba kwa miaka sita huku akipaza sauti, "Mwisho leo, kesho hamnioni!" Kesho yake walimwona, palepale, na mashati yaleyale.

"Kila mtu alijua natania," anasema. "Mteja ananiambia, 'Wewe mwisho wako hauishi,' tunacheka, nampunguzia bei, maisha yanaendelea. Ule ulikuwa uongo wenye uso. Sasa saa ya kwenye simu utaitania vipi?"

Swali hilo hakujiuliza kazini. Lilimfuata nyumbani.

Mteja mkubwa wa ofisi ni duka la vifaa vya nyumbani, linaloleta robo ya kazi zao zote. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: saa ya ofa ikikaribia sifuri, mpangaji anairudisha mwanzo. Kila asubuhi "mwisho leo" ilizaliwa upya. Waliokalia kiti hicho kabla yake walifanya hivyo, naye akafanya kwa miezi, kama mtu anavyopiga mswaki.

Mama mkwe wake, mshonaji aliyeacha kazi magoti yalipochoshwa na cherehani ya kukanyaga, anaishi nao. Siku moja alikuwa hospitalini kwenye foleni ya daktari wa mifupa, miadi aliyoingojea miezi minne. Ili kupoteza muda akafungua karata kwenye simu. Ikajitokeza cherehani ya umeme: bei imeshuka, imebaki saa moja na dakika chache. Mbele yake walikuwa wamebaki watu watatu.

Akatoka kwenye foleni kuiwahi dukani.

"Jioni narudi, namkuta sebuleni na sanduku," mkwe wake anakumbuka. "Ananiambia, 'Nimewahi, baba. Ningechelewa kidogo tu ningeikosa.' Na mimi ndiye niliyeirudisha saa hiyo asubuhi ileile."

Mama mkwe si mtu wa kuropokewa. Mwisho Leo aliisifia cherehani, akaenda kuoga. Kwa siku kadhaa alikula chakula cha jioni ameinamia sahani, na mkewe akadhani anaumwa.

Kisha mama mwenyewe akamletea simu. Cherehani ileile, bei ileile, saa ileile inakimbia. "Baba, hebu nieleze," akamwambia. "Hii leo yao huwa inaisha lini?"

Akamweleza yote. Mkewe alisimama mlangoni na taulo begani, hajui acheke au alie.

"Cherehani sikuikasirikia, ni nzuri," mama huyo anamwambia mwandishi, akiwa amekaa mbele ya mashine hiyo. "Nilikasirikia foleni yangu. Haraka haraka haina baraka, hilo nalijua tangu utoto. Lakini nimengoja miezi minne, halafu nakimbizwa na mkwe wangu mwenyewe?" Anacheka, kisha anasugua goti. Miadi mpya aliyopewa ni ya miezi mitatu mbele.

Wiki iliyofuata mkwe alimwambia meneja kwamba hatarudisha tena saa yoyote. Wenzake walimwonya kwamba anamwaga unga wake mwenyewe, tena kwa mikono miwili.

"Nilimwambia duka lile likiondoka, tumekwisha sote," anasema meneja, mwanamke anayeongea polepole. "Sikumfukuza kwa sababu aliniuliza kama ningempeleka mama yangu dukani hapo."

Wakakubaliana ijaribiwe ofa moja, ya pasi, kwa saa ya kweli. Mauzo yakishuka sana, mkataba wake wa kazi unaoisha mwezi huu hautaongezwa. Ndiyo pasi anayoitazama sasa.

Zikibaki dakika kumi, mwenye duka anapiga simu. Pasi bado ziko nyingi, anasema. Aongezewe saa mbili tu, nani atajua?

"Atajua yule aliyekimbia, bosi," anamjibu. "Zikibaki, tupange ofa nyingine wiki ijayo, na tuseme wazi kwamba ni nyingine."

Upande wa pili unaguna, simu inakatwa.

Mauzo, hafichi, yako chini kidogo kuliko ya ofa iliyopita. Anaogopa, na anasema hivyo. Ada za muhula ujao hazijalipwa. Akibaki kazini, mpango wake ni kuwashawishi wateja wote wanaotumia saa hizo wakubali sharti moja: ikifika sifuri tangazo linazimwa, na halirudi mpaka wiki ipite.

"Nataka mtu akiiona saa yangu aamue kwa akili zake kama ana haja ya kukimbia," anasema.

Simu inalia tena. Ni mama mkwe. Anaiweka kwenye spika, mkono mwingine haujaondoka kwenye kompyuta.

"Baba, naona pasi hapa. Hii leo yenu ni leo kweli?"

"Leo kweli, mama. Zimebaki dakika tatu."

Kwa mbali cherehani inasikika, kisha inasimama.

"Basi iache ipite," mama anasema. "Pasi ninayo."

Anacheka, macho yamelowa kidogo, mpaka jirani yake wa meza anageuka.

"Huyo ni mteja mmoja nimempoteza," anamwambia jirani, kisha saa inafika sifuri, naye anazima tangazo.