Objectif ya Zamani, Hata Kama Imechoka

Mume wangu Bonaventure anapiga picha za pasipoti karibu na soko la Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Ana simu nzuri, printa ndogo, kitambaa cheupe cha kuweka nyuma ya watu, na mkasi. Mtu anakaa, anaambiwa asicheke, anapigwa, anakatiwa vipande vinne, anakwenda zake. Kazi hiyo imesomesha watoto wetu watatu, lakini Bonaventure anaidharau kama mtu anayeuponda ugali huku anaumeza. Kwake yeye, picha ni zile za mashine ya marehemu baba yake tu.

Mashine yenyewe ni sanduku la mbao lenye miguu mitatu na shuka jeusi la kujifunikia. Hutoa picha yenye upana wa ukurasa wa daftari. Zamani mbele yake palikuwa na jicho la kioo lililovikwa shaba. Vita vilipofika, tukaukimbia mji kwa mtumbwi kwenda Kigoma, Bonaventure alibeba sanduku hilo kichwani badala ya godoro letu, na katika msongamano wa pale ufukweni mtu akalifungua jicho akaenda nalo. Basi tulikaa ukimbizini miaka na sanduku kipofu, na tukarudi nalo. Sasa limesimama chumbani kwetu, limefunikwa na kitenge changu kizuri, na kila asubuhi nagonga goti langu hapo.

Ningekuwa nimeshalifanya kuni kama si mama mkwe wangu, Anastasie. Mama huyu amekula chumvi nyingi na bado anaomba aongezewe. Pale sebuleni imetundikwa picha ya baba mkwe, ambayo Bonaventure aliipiga kwa mashine hiyo akiwa kijana. Pembeni yake ukuta uko wazi. Ni nafasi ya mama, lakini yeye hataki picha ya simu hata umpigie magoti. Masika yaliyopita aliugua wiki tatu, tukadhani anatuaga. Alipopata nguvu za kukaa, alituita.

"Siku nitakufa, mutaweka foto gani kwa meza ya matanga?" akauliza. "Ile ya carte d'électeur, ya kupigia kura? Pale mi nafanana na mwizi. Bonaventure, tafuta jicho ya mashine ya papa yako, unipige. Kama haiko, muache ukuta vile iko."

Tangu siku ile mume wangu alikosa raha. Aliogopa mama yake angekufa bila picha, na kosa likawa lake yeye, mpiga picha mtoto wa mpiga picha. Mimi pia niliogopa, ingawa mama mkwe na mimi hatujawahi kukubaliana hata juu ya kiasi cha chumvi kwenye sombe, kisamvu chetu.

Sasa, kwa Kifaransa jicho la kamera linaitwa objectif. Bonaventure, ambaye hupenda Kifaransa anapotaka mambo yake yaonekane makubwa, aliandika tangazo kwenye lile kundi la simu la watu wa mtaa: "Natafuta objectif ya zamani, hata kama imechoka." Mimi ni mwalimu. Angeniuliza, ningemwambia kwamba katika mji huu neno hilo limeshachukuliwa. Mashirika yamepita hapa mengi sana hivi kwamba mtu akisema objectif, hata muuza mihogo anafikiria lengo la mradi.

Kesho yake asubuhi akaja kijana Lionel, katibu wa chama kimoja cha maendeleo, na kompyuta kwapani.

"Papa Bonaventure, objectif za zamani tuko nazo mingi," akasema. "Unataka ya maji safi ao ya mbuzi? Ya mbuzi haikufikiwaka hata mara moja, iko bado mupya."

Bonaventure akamweleza kwamba anataka ya kioo. Lionel akafikiri kidogo, akauliza kama kioo hicho ni cha wanawake wajane. Kabla ya saa sita walikuwa wamekuja wengine wawili, na mmoja alituachia kurasa nne zenye mhuri. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Bonaventure hakucheka.

Aliyetuokoa ni Swedi, mfanyabiashara anayepeleka ndagala, yaani dagaa, kwenye machimbo ya dhahabu ya Lulimba. Yeye hajui Kifaransa, kwa hiyo Bonaventure alimweleza kwa Kiswahili, naye akaelewa mara moja.

"Jicho ya shaba? Kule Lulimba iko mutu mumoja, Jérémie, ananunuaka zahabu," akasema. "Anaangaliaka zahabu na kitu kama kikombe ya shaba, iko na kioo huku na huku. Anaivaaka kwa shingo na kamba."

Bonaventure alitaka kuondoka wakati uleule. Nikasema nitakwenda naye, maana mume wangu hajui kupatana bei. Akipenda kitu, macho yanamtoka, na muuzaji anasoma bei humo humo machoni. Tulipanda pikipiki, mwendeshaji mbele, mimi katikati, yeye nyuma. Mvua ikatukuta Lubondja, tukafika Lulimba tumepakwa matope mpaka masikioni. Njia nzima nilimfundisha jambo moja: "Usionyeshe kama unaipenda. Sema imechoka. Piga miayo."

Jérémie alikuwa mtu wa makamo, amekaa mlangoni mwa duka lake na kimizani kidogo mbele yake. Jicho lilikuwa limening'inia kifuani pake kama msalaba wa askofu. Bonaventure alipiga miayo vizuri, nakiri. Akaliomba, akalipuliza, akatazama kama kuna ukungu ndani ya vioo, akazungusha pete ya shaba na vibati vya ndani vya kupunguza mwanga vikajifunga na kufunguka. Maandishi yalikuwa yamefutika, zimebaki namba chache.

Halafu akasahau mafundisho yote. Aliingia ndani ya duka penye giza, akalielekeza jicho mlangoni, akaweka karatasi nyeupe nyuma yake. Barabara nzima ya Lulimba ikatokea kwenye karatasi, na rangi zake, kichwa chini. Pikipiki zilipita na magurudumu juu. Mama mmoja alipita na beseni la ndizi, na hakuna ndizi hata moja iliyoanguka. Wachimbaji wakajaa dukani, wanapiga kelele, na kila mmoja anataka kumwona mwenzake amesimama kwa kichwa.

"Kumbe niko na sinema!" akasema Jérémie. Akalivuta jicho, akalirudisha shingoni. "Basi haiko ya kuuzisha tena."

Nilitamani kumfinya mume wangu. Lakini nilipomtazama nikaona amekaa kwenye gunia, matope yamemkaukia usoni. Akasema tu, kwa sauti ndogo, "Ni ya foto ya mama yangu. Ameniomba nimupige mbele ya kufa." Jérémie akatazama pembeni. Alikuwa mtu mwema, ila naye ana kazi yake.

"Na mi, mama, zahabu nitaiangalia na nini?" akaniuliza.

Hapo nikavua miwani yangu ya kusomea. Nilipewa na waganga wa macho waliopita Baraka, na bila hiyo madaftari ya wanafunzi wangu ni ukungu mtupu. Nikamvalisha Jérémie mwenyewe. Akainama juu ya kimizani. Akachukua punje kwa ncha ya kisu, akaigeuza, akachukua nyingine.

"We!" akamwambia kijana mmoja aliyesimama mlangoni. "Hii uliniletea jana iko muchanga!"

Kijana hakungoja kuulizwa mara ya pili, akatimua mbio. Tukamwachia miwani, tukaongeza na pesa kidogo, ambazo kiasi chake sikitaji hapa kwa sababu mama mkwe husoma kila ninachoandika, na tukapanda pikipiki na jicho letu. Bonaventure alilishika kwa mkono mmoja mpaka Baraka. Kila tulipopita shimo alinishika kiuno kwa mkono wa pili, kwa nguvu, na mimi sikumwambia aache.

Alilifunga jicho kwenye sanduku kwa kipande cha mbao na mpira wa ndani wa tairi la pikipiki. Katika mkebe wake wa zamani kulikuwa na karatasi nne za picha, na picha moja hula mbili. Tukamweka mama kwenye kiti uani, asubuhi, na kitenge nyuma yake. Bonaventure akaniita chini ya shuka jeusi ili nione. Katika kioo cha nyuma ya sanduku nikamwona mama mkwe wangu kichwa chini, miguu juu. Miaka ishirini na saba ya ndoa, nilikuwa nimengojea kuona hivyo.

"Mama, usitikisike mpaka nihesabu sita," Bonaventure akasema. "Na usiseme."

Mwanamke huyu hajawahi kunyamaza tangu uhuru. Bonaventure akaondoa kofia yake aliyoliziba nayo jicho, akahesabu polepole, akairudisha. Mama alikuwa ametulia kabisa, ametazama mbele, hata kope hazikucheza.

Bonaventure akaingiza mkono ndani ya sanduku kupitia kipande cha mguu wa suruali alichokishona hapo, akaosha karatasi katika dawa ya picha bila kuiona. Kwanza hutoka picha ya kinyume: cheupe huwa cheusi, cheusi huwa cheupe. Mama akaona mvi zake zimekuwa nyeusi tii.

"Hii njo ya muzuri!" akasema. "Muache hapa hapa!"

Tukamsihi angoje. Bonaventure akaipiga picha ile ya kinyume kwa karatasi nyingine, akaosha tena, akamletea ikiwa bado inadondosha maji.

Mama akaishika mbali. Akaisogeza karibu. Nikaanza kuogopa kwamba hakuipenda.

"Huyu ni mama," akasema.

"Ndiyo, Mama. Ni wewe," Bonaventure akasema.

"Apana. Ni mama yangu. Mama ya kule Lubondja." Akapitisha kidole pembeni ya uso, bila kuugusa. "Alikufa mi nikiwa na mimba ya kwanza. Hakuna mutu alimupigaka foto. Nilishasahau vile alikuwa."

Akalia, bila sauti, machozi yanafuata mikunjo mpaka kidevuni. Bonaventure naye akalia. Mimi nilisema ni moshi wa jiko, ingawa jiko lilikuwa halijawashwa.

Baadaye Bonaventure akapanda kwenye kiti na nyundo, ili atundike picha pembeni ya baba yake. Mama akapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

"We Bonaventure, uko na akili? Unaweka mukwe pembeni ya mukwe wake? Papa yako alikuwa anamuheshimu sana, hata chakula habakukulaka pamoja! Huyu peleka kwa chumba yangu."

Alikuwa na haki. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai ukuta mmoja. Bonaventure akashuka na nyundo yake, akaipeleka picha chumbani, juu ya kitanda. Mama akaitazama, akafuta uso kwa ncha ya kitenge, kisha akageuka.

"Sasa mi," akasema, "mutanipiga lini?"

Bonaventure akanitazama. Zilikuwa zimebaki karatasi mbili, na jua lilikuwa bado linaingia uani. Nikaenda kurudisha kiti mahali pake.