Tundu la Kapu Jikoni

Mdogo wangu wa mwisho alipoposa, aliniambia atahamia Leeds, mji wa mbali huko kaskazini, kwa sababu kazi amepata huko na nyumba za huko hazina bei ya wazimu. Nikamwambia nyumba tunayo. Nilikuwa nakusudia besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, ya nyumba yetu ya Lewisham, hapa London, tulikokuwa tukiweka baiskeli mbovu, magodoro ya zamani na unyevu.

Wazazi wetu walifariki sote tukiwa wadogo. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo niliacha skuli nikawalea wenzangu, kwanza Unguja, kisha hapa, nikifua mashuka ya hospitali. Wengine walishaoa na kuolewa wakatawanyika. Huyu nilimbeba mgongoni, na sikuwa tayari kumsindikiza stesheni.

Akakubali kubaki kwa masharti. Atalipa kodi kama mpangaji yeyote, atakuwa na mlango wake wa kuingilia, na kaunsili, halmashauri ya mtaa, itoe cheti kwamba pale chini ni makazi halali. Bila cheti, Leeds. Nikasema sawa. Masharti ya bwana harusi, nilijua, huyeyuka yenyewe.

Fundi alitoka Kenton, upande wa pili wa jiji, Singasinga mzee mzaliwa wa Nairobi. Alishuka ngazi, kilemba chake kikagusa dari.

"Mama," akasema, "hii si nyumba. Hii ni kabati."

Ikabidi sakafu ichimbwe ili dari ipate kimo, kuta zizibwe maji, dirisha la mbele lipanuliwe mtu aweze kutokea pakishika moto, mlango wa nje utobolewe, na ngazi ya ndani, iliyoshuka kutoka jikoni kwangu, iondolewe kabisa. Miezi ile tulikunywa chai yenye vumbi. Fundi aliutukana udongo wa London kwa Kiswahili, na akiupata mlaini, akaushukuru kwa Kipunjabi.

Ngazi ilipoondoka, pakabaki uwazi kwenye sakafu ya jiko langu. Hapo ndipo nikapata wazo. Kwetu Mji Mkongwe, mwanamke akiwa ghorofani hana haja ya kushuka kununua mkate. Huteremsha kapu kwa kamba dirishani, muuzaji akatia mkate, kapu likapanda. Nikamwambia fundi asizibe pote, aniachie tundu la kapu tu, na kifuniko chake. Mchuzi utashuka wa moto, bakuli litapanda tupu. Akaniambia mkaguzi hatalipenda. Nikamwambia mkaguzi hajaonja mchuzi wangu. Akaliacha, ila akaomba nisiseme kwamba ni shauri lake.

Mkaguzi wa kaunsili alikuwa kijana mpole. Alipima dari, akafungua dirisha, akajaribu ving'ora vya moshi, kila kitu akaridhika nacho. Kisha akatazama juu, akaniona ninamtazama kupitia tunduni. Akauliza tundu hilo ni la nini. Nikamwambia ni la chakula. Akanijibu kwa adabu kwamba panapopita chakula na moto hupita, na mpaka lizibwe, cheti hakuna.

Nikaapa kwamba nitapinga. Nitaweka kifuniko cha chuma, viwili ikibidi. Jioni ile mdogo wangu akaja na mchumba wake, binti wa Mombasa, nesi, msichana wa maneno machache. Nikawaeleza mpango wangu wa chuma. Binti akalitazama lile tundu, akanitazama mimi.

"Dada, na mimi napika, ujue."

Nikamwambia najua, lakini siku akitoka zamu amechoka, si atashukuru.

"Nitashukuru. Na sisi tukizungumza yetu huko chini, wewe utakuwa hapa juu unakata vitunguu?"

Hilo, wallahi, sikuwa nimelifikiria. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamemwiva.

"Dada," akasema, "nataka nikae karibu nawe. Lakini niwe jirani. Mtoto wako nimeshakuwa."

Asubuhi nikampigia fundi simu aje azibe. Cheti kikatoka, wakaoana, wakahamia chini. Mimi nikawa natembea jikoni kwa ncha za vidole, na chini sikushuka, nisije nikaambiwa nimerudi na kapu langu.

Kisha simu ikalia. Alikuwa mdogo wangu, kwa sauti ya ofisini.

"Mwenye nyumba, maji ya moto hayaji. Na dirisha la chooni linakwama."

Nikataka kukasirika. Lakini huyu alipokuwa mdogo hakuwahi kuniomba chochote. Viatu vikimbana alikunja vidole akanyamaza, maana aliona nimeelemewa. Nikauliza kama kuna jingine.

"Zulia. Wifi yako anasema rangi yake inamtia kichefuchefu."

Nikamwambia maji na dirisha fundi atakuja kesho. Zulia nimelichagua mwenyewe, na litabaki.