Mwalimu Aliyesema "Salamu Kwanza"

Jumanne asubuhi napiga mswaki uani, simu inaita, dada yangu analia tu, haongei. Nikajua. Mwalimu wa darasa la tatu wa binti yake, yule mama mwenye sauti kama kengele, ametutoka. Wasomaji wangu mnanijua, mimi nikikasirika naandika, nikifurahi naandika, na leo nina vyote viwili, kwa hiyo nivumilieni. Msibani nimesikia watu wakisema "alikuwa mwalimu mzuri", halafu wanaomba chai, kana kwamba wameshamaliza kumsema. Hawajamaliza! Hawajaanza hata!

Sasa sikia. Huyo mpwa wangu ana ADHD. Hospitali walituambia hivyo baada ya mtaa mzima wa Unyambwa, hapa Singida, kutuambia lao: mtundu, kadekezwa, apelekwe kwenye maombi, achapwe. Ni mtoto ambaye umakini wake unaruka kama panzi na mwili unaufuata. Ukimtuma chumvi anarudi na kifaranga. Shule aliyoanzia walimchoka, na baba yake, shemeji yangu, akaanza kusema bora akae nyumbani achunge mbuzi. Tukamhamishia kwa huyu mama, shemeji akatamka wazi kwamba hapa ndiyo mwisho. Wiki haijaisha, jirani ananiambia, "Mpwa wako anasimamishwa darasani kutwa, wenzake wamekaa." Mimi huyo! Nikadandia bodaboda na kandambili zangu, nikamkuta mwalimu mlangoni pa darasa, chaki mkononi. Nikaanza, "We mwalimu, kwa nini unamwonea mtoto..." Akaninyooshea kiganja.

"Salamu kwanza."

Kwetu hasira haifuti umri. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Haya, sasa gombana."

Aisee, jaribu wewe kugombana baada ya hapo! Akanivutia dirishani. Mpwa wangu kasimama nyuma kabisa, mbele yake dawati limepandishwa juu ya matofali mpaka linamfika kifuani, anafanya hesabu huku anabadilisha miguu kama kuku anayengoja mvua ikatike. Wenzake hawana hata habari naye. "Akikaa, akili yote inaishia kwenye kujizuia asinyanyuke," mwalimu akasema. "Hesabu atafanya na nini? Na wewe tangu umefika, umetulia wapi?" Nikajitazama. Nilikuwa nimeshauzunguka ule mlango kama mbuzi aliyefungwa kamba. Akacheka, akaendelea: "Nyumbani msimpe ukurasa mzima. Mkunjieni karatasi auone mstari mmoja. Akimaliza, mpeni kazi ndogo ya mikono, ndipo mkunjue mwingine. Na mkimtuma, mtumeni kitu kimoja, mkiwa mnamtazama usoni."

Ulikuwa msimu wa kuvuna alizeti. Mtoto anasoma mstari, anakimbilia turubai uani, anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, anarudi, mstari mwingine. Bibi yake akauliza, "Huyu anasoma au anapura?" Akajibu bila kugeuka, "Vyote, bibi!" Msidhani ilikuwa mteremko. Kuna siku alichana daftari akalala chini akilia, tukaacha, tukaanza tena kesho yake. Lakini kuna jioni alikunjua na kukunjua mpaka hadithi ikaisha, mwanzo hadi mwisho, nikaruka mimi kuliko yeye! Asubuhi tukakuta shemeji ameipandisha meza ya nyumbani juu ya matofali, na habari za mbuzi hatukuzisikia tena. Sisi tumezoea kupima akili ya mtoto kwa makalio yake: anayekaa ndiye mwema, anayenyanyuka ana kasoro. Walimu wana madarasa yamefurika, najua, siwalaumu wote. Ila tofali halikosekani Singida.

Basi siku ya mazishi, wanafunzi wakamchagua mpwa wangu asome salamu zao. Mzee mmoja wa kamati ya mazishi akanuna. "Huyo? Hatulii huyo, atatuaibisha mbele ya jeneza." Dada akanibana mkono, anajua nikilipuka inakuwaje. Kabla sijafungua mdomo, shemeji akasema kwa utaratibu, "Mzee, mwacheni asimame." Mtoto akasogea, akalitazama jeneza. "Shikamoo, mwalimu." Akatoa karatasi iliyokunjwa, akasoma mstari mmoja, akatembea mpaka miguuni pa jeneza, akarudi, akakunjua wa pili. Yule mzee akanong'ona, "Mbona anatembea?" Mtoto wa darasa lake akamjibu, wala hakunong'ona: "Ndivyo anavyosoma, babu." Akaenda, akarudi, akaenda, akarudi, mpaka mstari wa mwisho: "Mwalimu, matofali hatutayatoa."

Nililia, lakini ndani nilikuwa napiga vigelegele. Mtoto asiyetulia hahitaji muujiza. Anahitaji mtu mzima anayeuliza "unaweza vipi?" kabla ya "kwa nini huwezi?", na mama yule aliuliza. Sasa wewe mwalimu mpya utakayepewa lile darasa, Jumatatu utakuta dawati moja nyuma limepanda juu kuliko mengine. Usilishushe. Ukilishusha, nakuja na kandambili zangu. Nitakusalimia kwanza.